Mashada ya Biskuti kwa Siku ya Kumtoa Mdogo Wangu

Mwezi wa tatu Kigali ni mwezi wa harusi na ni mwezi wa mvua, na mtu anayepamba biskuti hawezi kupenda yote mawili kwa pamoja. Kila mwenye sherehe anataka kuimaliza kabla ya Aprili, kwa sababu juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari likishaingia hakuna anayepiga ngoma wala kuvaa nguo za kung'aa. Basi watu wote wanakuja mlangoni kwangu wakati mmoja, kila mmoja na rangi zake, na mvua nayo inakuja nyuma yao. Hewa ya mtaa wetu wa Batsinda inakuwa nzito kama kitambaa kibichi, na aisingi, ile sukari ya kupambia, haikauki. Unachora ua asubuhi, jioni bado linashika kidole.

Mwaka ule kazi ya mwisho kabisa ilikuwa ya nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaposwa, siku ile tunayoiita gusaba, ambapo ukoo wa kijana hukaa upande mmoja wa turubai, ukoo wa binti upande wa pili, na wasemaji wawili hurushiana maneno mpaka binti atolewe. Alitaka kila meza iwe na shada la biskuti, na shada moja kubwa ndani ya agaseke, kile kikapu chetu chenye kifuniko kilichochongoka, la kumpelekea mama mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe.

Nilimwambia maua ya kweli yapo, na mimi nimechoka.

"Maua ya dukani sikukua nayo," akasema. "Mimi nimekulia kwenye harufu ya biskuti, Dada. Niache nitoke nayo."

Nikaanza kupima unga. Baba yetu alitangulia kufa, mama akamfuata kabla sijamaliza kidato cha pili. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, tukiwa wadogo, ndiyo maana mpaka leo nyumbani tunasema Kiswahili, hata tukigombana. Niliacha shule nikaenda kuosha sinia kwenye duka moja la mikate kule Muhima, na hapo ndipo nilipojifunza kukanda, kuoka, na baadaye kupamba. Kaka yetu wa katikati akawa seremala. Huyu wa mwisho akawa mkunga. Nikisema hivi inaonekana kama jambo lililokwenda upesi.

Anayeona shada la biskuti mezani hudhani ugumu uko kwenye maua. Maua mkono unayajua. Ugumu uko kwenye vijiti. Kijiti cha mshikaki kinaingizwa kwenye unga uliokandwa kabla ya kuoka, taratibu, bila kutokeza upande wa pili, kwa sababu biskuti ikishaiva haikubali tena kutobolewa. Halafu inasubiriwa ipoe kabisa. Ukipaka aisingi kwenye biskuti ya moto, ua linatiririka kama uji. Mifuko ya plastiki hapa kwetu hairuhusiwi, kwa hiyo mimi nakunja koni za karatasi ya kuokea za kukamulia aisingi, nakata ncha kwa mkasi, na kila rangi ina koni yake. Ndani ya kikapu, chini kabisa, naweka kipande cha mgomba nilichokiacha nje siku kadhaa kikanyauka, kisha nakifunga kwa karatasi yenye mafuta. Mgomba unashika kijiti vizuri kuliko kitu chochote cha kununua. Lakini ukiwa bado na maji unayapandisha kwenye kijiti, na biskuti inalainika kuanzia shingoni, na mbele ya wageni ua linainama kama mtu anayesinzia kanisani.

Kwa sababu ya mvua, kaka yangu alinitengenezea sanduku la mbao lenye balbu ndani, kama lile la kulelea vifaranga. Nikapanga biskuti humo kwenye waya, nikafunga mlango. Kila alipopita alichungulia.

"Zimeanza kulia?" alikuwa akiniuliza.

"Bado."

"Zikianza unipe jogoo mmoja."

Nilicheka mara ya kwanza tu. Mgongo ulikuwa unauma, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kimefika mahali ambapo hakiumi tena, kimekuwa kama cha mtu mwingine.

Katika siku zile za kuchora waridi na kusubiri zikauke, nilichokuwa nakiogopa kilikuwa kimoja. Mdogo wangu alikuwa ameshaahirisha siku hii mara mbili. Mara zote mbili alimwambia mchumba wake asubiri, na mimi akanipa sababu za kazini. Mara ya pili nilimbana mpaka akasema kweli: "Siwezi kukuruka, Dada. Nitatokaje mimi wakati wewe bado uko humu ndani?" Kwetu mdogo kutangulia kuolewa ni jambo ambalo watu hulitaja wakicheka, lakini hulitaja. Na yeye alikuwa anajua jambo ambalo wale wanaocheka hawalijui. Palikuwa na mwanamume, dereva wa lori wa njia ya Rusumo, mpakani na Tanzania, aliyetaka kunioa nivuke naye ng'ambo. Nilimwambia watoto bado wadogo. Alisubiri, kisha akaacha kusubiri. Niliamini watoto wamelala usiku ule tulipozungumza hayo. Kumbe mmoja alikuwa macho, nyuma ya pazia.

Mara ya tatu alikubali, baada ya mimi kumwambia kwamba akiahirisha tena, nitajiona nimemlea bure. Kwa hiyo nilichotaka ni kwamba atoke bila kugeuka nyuma. Basi.

Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alikuja siku chache kabla ya sherehe, akakaa kwenye kiti pekee ambacho hakikuwa na sinia, akaanza kujaribu maneno yake. Angewazuia wakwe kwa hili, angewazuia kwa lile, angesema binti huyo hatumjui, angesema ng'ombe wao wamekonda. Nilimwacha amalize.

"Baba mdogo, naomba kitu. Usiseme kwamba wameniruka."

Alinitazama. "Nani amekwambia nitasema?"

"Nakufahamu."

"Mwanangu, bila utani tunatoa binti au tunatoa ndoo ya maji? Kila mtu chini ya lile turubai atakuwa anajiuliza, mkubwa yuko wapi? Nisiposema mimi kwa kucheka, watasema wao kwa kunong'ona. Lipi baya?"

"Wanong'one. Mimi sijali. Ni yeye."

"Yeye atakuwa jikoni, amevaa vizuri, anafikiria mume." Alinyoosha mkono akachukua biskuti iliyovunjika, akaitafuna polepole. "Haya. Nitaona."

Kwa Baba mdogo, "nitaona" si ahadi. Lakini nilikuwa na petali za kumalizia, na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyekaa.

Siku yenyewe mvua ilinyesha mapema, kisha ikapungua. Turubai lilifungwa kwenye uwanja wa jirani, ukuta kwa ukuta na jikoni kwetu, na kipaza sauti kilikuwa karibu na dirisha, hata tulimsikia Baba mdogo akivuta pumzi. Mashada ya meza yalikuwa yameshatoka. Nilibaki na lile kubwa la kikapuni, nabandika majani mabichi ya aisingi mahali ambapo vijiti vilionekana. Mdogo wangu alisimama karibu na mlango amevaa mshanana, vazi letu la sherehe, bega moja wazi, shanga kichwani. Alikuwa mzuri mno, na mimi nilikuwa namwambia asiegemee ukuta, kuna unga.

Nje maneno yalikuwa yanakwenda vizuri. Wakwe waliambiwa wamepotea njia, wakajibu kwamba aliyewaelekeza ni huyo huyo binti. Waliambiwa ng'ombe wao wamekonda, wakajibu wamekonda kwa kumtamani bibi harusi. Watu walicheka. Nikaanza kuamini kwamba yamepita.

Ndipo Baba mdogo akashusha sauti, na nikajua.

"Lakini kuna jambo moja, wageni wetu. Sisi kwetu hatuvuni shamba la bondeni wakati la mlimani bado limesimama. Huyu mnayemtaka ana mkubwa wake. Yuko, mzima, anapika kuliko mama zenu. Mmemruka hivi hivi, kama dimbwi?"

Kicheko kilikuwa kikubwa. Kikapitia dirishani kikatufikia jikoni. Mdogo wangu alipandisha mikono akaanza kuzivua shanga.

"Acha," nikasema.

"Nilikwambia. Mara mbili nilikwambia."

"Ni utani. Hata wewe unajua ni utani."

"Wao ndio hawajui kwamba si utani." Hakuwa analia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliweka shanga juu ya meza, kwenye sukari laini, akakaa. "Nilisikia ulichomwambia yule dereva. Ulisema watoto bado wadogo. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo."

Nilikuwa nimeshika kikapu kwa mikono miwili, na koni ya kijani katikati ya vidole. Nje msemaji wa upande wa pili, mzee mwenye sauti ya kukokota, alikuwa ameanza kujibu.

"Hatukumruka. Kitenge chake tumekuja nacho, hiki hapa. Lakini kitenge hakitupwi dirishani. Naomba aje mwenyewe, atuambie ametukasirikia kwa kiasi gani, ili tujue kama kitenge kimoja kinatosha."

Watu walicheka tena. Baba mdogo hakulitarajia hilo. Wanawake hatusemi pale, tunasemewa. Kaka yangu akaingia jikoni mbio.

"Dada, wanakutaka. Vua hiyo aproni."

"Nimeifua jana," nikasema, nikatoka nayo, na kikapu bado mikononi, kwa sababu hapakuwa na mahali pakavu pa kukiweka.

Walinipisha. Mtu alininyooshea kipaza sauti, na kwa kuwa sikuwa na mkono, akabaki amenishikia mdomoni kama mtu anayelisha mgonjwa. Niliwasalimu wazee kwa Kinyarwanda. Miguu ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, na nikawaza kwamba kama nina la kusema liwe fupi.

"Mnisamehe, nanuka vanila," nikasema. "Baba yangu mdogo anasema mmeniruka. Anayerukwa ni aliye kwenye foleni. Mimi sikuwa kwenye foleni. Mimi nilikuwa mlangoni, naangalia kama wote wamerudi nyumbani. Huyu leo anatoka, na mlango namfungulia mimi. Sitaki mtu mwingine amfungulie."

Baba mdogo hakuweza kujizuia. "Na wewe utafunguliwa na nani?"

"Mimi nina ufunguo, Baba mdogo."

Kilichofuata kilikuwa kelele, na shangazi mmoja akapiga kigelegele. Yule mzee wa upande wa pili hakucheka. Aliinuka, akanitundikia kitenge begani, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, akasema kwa sauti ya chini, mbali na kipaza sauti, "Basi fungua, mama."

Niligeuka nikatazama mlango wa jikoni. Nilichowaambia kilikuwa kweli, ila hakikuwa kweli yote. Zilikuwapo siku nilizotamani kuwa kwenye foleni hiyo, na yeye alizijua. Sikuwa nimesema ili kuwashinda wale wazee. Nilikuwa nimesema kuelekea dirishani, na sikujua kama aliyekuwa nyuma yake amekubali.

Wanawake wakaanza kuimba wimbo wa kumtoa binti. Wakaumaliza, hakutoka mtu. Wakauanza upya. Baba mdogo alikuwa anafuta paji la uso kwa kitambaa. Kaka yangu alinitazama, na mimi nikamtikisia kichwa asiingie ndani. Nilihamishia uzito wa kikapu mkono wa kushoto, na waridi za juu zikawa zinagongana, kwa sauti ndogo kama ya vikombe.

Kisha akatoka.

Shanga zilikuwa kichwani, zimekaa upande kidogo, na penye paji la uso palikuwa na mstari wa sukari ambao hakuuona. Alitembea macho chini, polepole, kama inavyotakiwa. Alipofika kwangu alisimama. Aliweka mikono yake chini ya yangu ili kuupokea uzito.

"Umeshika vizuri?" nikauliza.

"Nimeshika."

"Usiinamishe. Zile za mbele bado mbichi."

"Najua, Dada. Achia."

Nikaachia. Alivuka nafasi iliyokuwa kati ya koo mbili, akapiga goti mbele ya mama mkwe wake na kumpa kikapu. Yule mama alikipokea, akavunja petali moja ya waridi, akaila pale pale mbele ya watu wote, jambo ambalo wazee wetu wangelisemea, maana kwetu zamani mtu mzima hakula hadharani. Watu walipiga makofi. Mdogo wangu hakugeuka kunitazama, na aliendelea kutogeuka, hata walipomkalisha upande wa pili, kati ya watu wake wapya.

Nikatafuta kiti upande wetu, nikakaa.