Mamangu hakunijua, na mwanangu alikuwa mikononi mwake

Assalamu alaykum admin, na nyote mnaosoma. Naomba jina langu lisitokee, maana sisi Waswahili wa huku Oman tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nakaa Nizwa. Nimezaliwa huku huku lakini wazee wangu ni wa Unguja, na nyumbani twasema Kiswahili. Mume wangu kazi yake iko kambini jangwani, anakuja na kuondoka. Tuna mtoto mmoja wa kike, ana miaka mitatu. Mimi nafanya kazi ofisini, na tangu mtoto yuko mchanga namwacha kwa mamangu. Wallahi hakuna mtu niliyemwamini kuliko yeye.

Mwezi uliopita, joto lilipoanza kupungua, mama alinambia, "Nitoe na mimi nikapunge upepo, nimechoka na kuta hizi." Ijumaa baada ya sala tukaenda, mimi, yeye na mtoto, kwenye mji wa kale ulio juu ya kilima. Nyumba zake ni za udongo, nyingi zimehamwa, zimebomoka. Chini yake unapita wadi, mto wa mvua wa bondeni, na kwa kuwa milimani kulikuwa kumenyesha, maji yalikuwa mengi, ya matope, yanakwenda kwa kishindo. Tukatandika mkeka chini ya mitende mbali na maji, tukanywa kahawa, tukala halua. Mama alikuwa na furaha zake, anamwimbia mjukuu. Nikaenda garini kuchukua sweta ya mtoto. Niliporudi, mkekani palikuwa na vikombe tu.

Niliita. Nikakimbilia majini. Nilisimama ukingoni natafuta rangi ya gauni lake kwenye yale matope, huku nasoma kila dua niijuayo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua kwenye mfereji akaniita kwa Kiarabu: "Bibi na mtoto? Wamepanda juu, kwenye magofu."

Nilipanda vichochoro vile hata sijui nilipandaje. Nikasikia mwanangu analia. Nikawakuta ndani ya nyumba isiyokuwa na ukuta wa upande wa pili, sakafu imekatika, na chini yake ni wadi. Mama kasimama kule mwisho, kamkumbatia mtoto.

"Mama!"

Akageuka. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mwizi. "Nani wewe?"

"Mama, ni mimi, mwanao."

"Usisogee! Baba mshamchukua. Huyu hamumchukui!"

Akarudi nyuma hatua moja. Nikasikia udongo unamomonyoka chini ya kisigino chake, unaanguka majini. Mwanangu akaninyoshea mikono, "Mama, mama," na kila alivyoniita, mamangu alizidi kumbana na kuniogopa. Habari za babu, babake mama, kuchukuliwa nyumbani kule Unguja wakati wa mapinduzi tulizisikia kwa minong'ono tu. Mama mwenyewe hajapata kuzisema hata siku moja.

Nilijua nikipiga hatua nyingine, nitawapoteza wote wawili. Basi nikarudi kinyumenyume mpaka nikatoka nje kabisa. Nikajificha nyuma ya ukuta, nikagonga ubao wa mlango: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Yakisikika maji tu.

"Hodi!"

Kisha nikaisikia sauti yake, ile ile ya nyumbani wageni wanapokuja: "Karibu! Karibu, pita ndani." Akaja hadi mlangoni kunipokea.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

"Wa jirani. Nipe mtoto nikupokee, umechoka."

Akanipa. Nilimshika mwanangu kwa mkono mmoja na mama kwa mwingine, tukateremka, nami sina hata nguvu ya kulia. Tulipofika garini akaniangalia vizuri, akaniita kwa jina langu, akasema, "Mbona abaya yako imejaa vumbi hivi?"

Nilimpigia simu kaka yangu, yuko Maskati. Akanijibu, "Acha maneno yako. Mama mzima, juzi kanisomea Yasini yote kwa moyo. Unataka watu waseme tumemchoka?" Mume wangu naye kakata shauri: "Mtoto haachwi tena kwa mama, basi." Nikachukua likizo, nikakaa nao mwenyewe nyumbani kwa mama, bila ya kumwambia sababu.

Lakini yeye anajua. Juzi nilikuwa namchana nywele, akanishika mkono. "Kuna wakati napotea, mwanangu. Nnajua. Kwa daktari usinipeleke, watanifungia ndani. Na mtoto usiniondolee. Huyu ndiye anayenirudisha. Nikikaa peke yangu nitapotea moja kwa moja." Nikaendelea kumchana.

Sasa kila nikifumba macho nasikia ule udongo unaanguka. Mamangu nampenda, na mamangu namuogopa, na namuogopa Mungu kwa kumuogopa mamangu. Likizo imekwisha, Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku, narudi kazini, na asubuhi ile yeye atakuwa kasimama mlangoni kama kawaida, mikono kainyosha kumpokea mjukuu wake. Nyinyi mliopata mitihani kama hii, nambieni kwa haki ya Mungu: nimnyime mtoto mbele ya macho yake? Nimwambie nini? Nifanyeje mie?