Bado Wanatafuta

Nilirudi kijijini kwetu Kirolirwe na diploma niliyojisomea kwa jasho langu mwenyewe, na katika vilima vyetu vyote hakukuwa na nyingine kama hiyo. Kitabu changu cha kumaliza masomo kilionyesha kwa mchoro jinsi makala za kisayansi kuhusu chanjo ya korona zilivyoongezeka mwaka hadi mwaka.

Wauguzi walipotangaza kwamba watakuja kuchanja, mama mkubwa aliyenilea aliacha kuchambua maharage.

“Mutoto wangu, wewe njo ulisoma. Niende ao nibaki?”

Badala ya kumjibu, nilimfungulia mchoro wangu.

“Ona, mama, mustari iko napanda! Wanasayansi wa dunia nzima wanatafuta.”

“Kumbe bado wanatafuta?”

“Sana! Kila mwaka kupita mwaka.”

“Basi wakipata, utaniambia.”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kwetu kutafiti na kutafuta ni neno moja, na mtu anayetafuta bado hajapata. Wauguzi walikuja, yeye akabaki shambani. Korona ilimchukua kabla ya mavuno.

Sijui kama chanjo ingemwokoa. Najua aliniuliza mimi, msomi wake, nami nikamwonyesha mchoro.