Dawa Iliyobaki

Mtaani walimwita Fundi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele. Katika chumba cha nyuma alilala mama yake, mgonjwa wa sukari mwenye kidonda mguuni, na chini ya kitanda alilala Karani, mbwa mwenye tabia ya kumkagua kila mgeni kuanzia viatu hadi uso.

Siku moja Karani alichanwa paja na bati la uzio. Daktari wa mifugo akamshona na kumpa dawa, lakini jeraha likafumuka. Akabadilisha dawa; likakauka kidogo, kisha likatoa usaha tena. Kila asubuhi Fundi alilisafisha, akalifunga bendeji, akarudi kwenye cherehani. Hakusikia huzuni wala hasira. Alifanya tu, kama mtu anayeosha vyombo.

Mwishowe daktari akapeleka usaha maabara. Majibu yalipotoka, alimwita Fundi na kumvutia kiti.

"Bakteria hawa ni sugu. Dawa zangu zote zimegonga mwamba. Nyumbani kuna mwenye kidonda?"

"Mama."

"Na mbwa humkaribia?"

"Humlamba mguu. Mama anasema hiyo ndiyo dawa pekee isiyomuwasha."

Daktari akataka kucheka, akajizuia. "Mpeleke hospitali leo hii."

Hospitalini walimpima mama, wakawakuta bakteria walewale, wakamlaza. Nani alimwambukiza mwenzake, hakuna aliyeweza kusema.

Fundi aliporudi kwa daktari wa mifugo, Karani hakuweza tena kusimama.

"Ipo dawa moja inayowaua," daktari alisema. "Ndiyo anayotundikiwa mama yako. Kwa mbwa siitoi. Bakteria wakiizoea na hiyo, watu watakosa pa kushika."

"Na ukimkata mguu?"

"Umechelewa. Usaha umeshapanda nyongani."

Fundi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba ameambiwa kitambaa kimepungua. "Basi mpumzishe."

Alimshika kichwa mwenyewe. Taya la mbwa lilimlemea kiganjani, na akili yake ikang'ang'ania jambo moja la kijinga: kwamba vidole vyake vina chaki, na chaki inamchafua Karani masharubu.

Jioni alikwenda wodini.

"Karani anakula?" mama aliuliza.

"Amekufa, mama. Alichomwa sindano. Nilikuwepo."

Mama akavuta shuka, akafunika miguu yake. "Alikuwa ananipasha miguu moto."

"Najua."

"Hujalia, mwanangu."

"Sijalia."

"Utalia?"

"Sijui, mama."

"Haya. Kaa hapa basi. Sare zitasubiri."

Akakaa, mkono wake ndani ya mkono wa mama, mpaka muuguzi alipowatoa wageni.

Kidonda kilijifunga polepole, na mama akarudi nyumbani akichechemea kwa mkongojo. Fundi alikuwa amepiga deki chumba kizima kwa dawa ya kuua vijidudu na kuchoma godoro la zamani. Wateja walimpa pole kwa ugonjwa wa mama. Wa kumpa pole ya mbwa hakutokea, naye hakungoja.

Mchana mmoja alishona mkono wa shati akauziba kabisa mwishoni, mtoto asipate pa kutolea kiganja. Alikaa akiutazama. Mama akachungulia kutoka chumba cha nyuma.

"Vipi tena?"

"Nimekosea, mama."

Akachukua wembe, akaanza kufumua.