Maziwa ya Kuosha Kifua

Nilikuwa karani wa stoo, na mdomo nilikuwa nao. Kiwanda chetu kidogo, hapa Nakuru nyuma ya reli, kilinunua mawe meupe kutoka upande wa Kariandusi. Tuliyachoma kwenye tanuri, tukayasaga yakawa unga wa silika wa kuchanganya na rangi na mpira. Ukilipiga gunia kofi, vumbi lake linakaa hewani hadi chai ya saa nne.

Mdogo wangu alikuwa mfunga magunia. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, nikamsumbua meneja mpaka akachoka nami.

Kila mchana niligawa maziwa, pakiti moja kwa kila mtu. Sote tuliamini, hata meneja, kwamba maziwa yanaosha kifua. Mdogo wangu hakuyapenda, alitaka kuwapelekea watoto wake. Nikamsimamia. "Kunywa hapa hapa nikikuona! Ukiugua, mama ataniuliza mimi." Wenzake walimcheka, wakamwita mtoto wa dada. Akanywa.

Maski tulikuwa nazo. Acha niseme ukweli: katoni mbili, rafu ya juu, na ufunguo ulikuwa kwangu. Tulizitoa wakaguzi wakija tu. Wanaume walilalamika kwamba zinawatoa jasho, nami nikaona heri, zisichafuke bure. Si maziwa yapo? Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu, Mungu anisamehe.

Kikohozi cha mdogo wangu kilipoanza tulisingizia baridi. Kisha akawa hawezi kutembea kutoka stejini hadi getini bila kuchuchumaa njiani. Tukaishia wodini, mimi na mama tumekaa kandokando ya kitanda. Daktari, msichana mdogo tu, akamuuliza mgonjwa kama kazini walikuwa na kinga yoyote.

Mdogo wangu akausogeza mpira wa oksijeni puani. "Tulikuwa nayo, daktari. Huyu dada yangu alinichunga sana. Hakuna siku alikubali nikose maziwa."

Daktari aliniita nje. "Mama, maziwa yanaenda tumboni. Vumbi limeganda mapafuni, na halitoki. Hamkuwa na maski?"

"Zilikuwepo," nikasema, nikashindwa kumwangalia.

Niliporudi, mdogo wangu akataka kujua daktari amesema nini.

"Amesema ulitunzwa vizuri."

"Si nilimwambia?" Akamgeukia mama, akanisifu tena, maneno yakikatika kwa kukosa pumzi, na mama akanishika mkono akanishukuru.

Tulimzika wiki iliyofuata. Mama bado hajui habari ya zile katoni.