Msumari Ulioinua Pini Xiaobei

Mama mmoja wa Lubumbashi, ambaye husali nami kanisa moja hapa Guangzhou, aliniomba nimsindikize mtaa wa Xiaobei kununua waya wa kusukia mota. Kaka yake hufufua mota za vinu vya unga huko kwao, na kontena lilikuwa linafungwa alasiri ile. Waya ukiwa mbaya mota huungua, na wanawake waliopanga foleni na mahindi yao hurudi nyumbani bila unga. Nasomea uhandisi wa umeme. Nilikubali kabla hajamaliza kuniomba.

Dukani, Mama alitoa sumaku iliyoning'inia kwenye funguo zake, kama ilivyo desturi ya wanunuzi wengi wa kwetu, akaigusisha kwenye waya. Haikushika.

"Bon. Ni shaba. Laoban, funga mzigo."

"Shaba kabisa, Mama," alijibu mwenye duka, ambaye wateja humwita Laoban, yaani bosi, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Subiri, Mama," nilisema. "Sumaku imekuambia tu kwamba si chuma. Alumini iliyovikwa shaba nayo haishikwi."

"Weye! Mie nimezaliwa kwenye shaba, baba yangu alichimba shaba. Leo petit, mtoto wa chuo, anifundishe shaba?"

Hata hivyo, nilipomwomba tulinganishe, alinipa waya wa shaba ambao kaka yake alimtumia uwe mfano. Nilikata wa dukani wenye unene na urefu uleule, nikachoma ncha za nyaya zote mbili ili vanishi inayozifunika itoke. Laoban alinipa misumari miwili, na kila waya niliuzungusha kwenye msumari wake, mizunguko sawa. Mama akachomoa pini kwenye shati jipya alilolinunua soko la nguo la Shisanhang, kisha kwenye jingine, mpaka tukapata rundo.

Niliunganisha waya wa kaka yake na betri ya tochi ya Laoban. Msumari ukanyakua pini, zikaning'inia kama ndevu. Nilikuwa nimeufanyia mtihani usumakuumeme, lakini sikuwahi kuuona ukiamua kama mtu atapata unga.

"Umeme unaosonga huzaa sumaku kuuzunguka waya," nilimweleza. "Kila mzunguko unaongeza nguvu. Mota ya kaka yako ni jambo hilihili: sumaku hii inasukuma, mhimili unazunguka."

Waya wa dukani, kwa betri ileile, ulinyanyua pini chache tu.

"Mbona huu mvivu?"

"Alumini hubania umeme kuliko shaba. Umeme ukipungua, sumaku hudhoofika. Ukiulazimisha, waya unachemka, mota inaungua."

Mama alichukua wembe wa Laoban mezani, akakwangua waya kwa nguvu. Ndani ulikuwa mweupe.

"Sasa wembe huu, ingénieur, ungetosha tangu mwanzo?"

"Ungetosha, Mama."

Alicheka mpaka akashika meza. Laoban naye alicheka, kwa kuona haya, kisha akaingia stoo na kutoka na roli nyingine ya waya. Safari hii Mama hakugusa sumaku ya funguo. Alizungusha waya mwenyewe, akabana betri mwenyewe, na rundo zima la pini likapanda. Akakwangua: wekundu mpaka ndani.

"Ya namna hii tu, Laoban. Kila roli nitaikwangua."

Simu yake ikalia. Aliyepiga alikuwa wakala wa mizigo, akiuliza waya uko wapi, lori liko tayari.

"Unakuja, papa, umepatikana," alisema Mama, msumari ungali mkononi. "Lakini ngoja kidogo. Niko nainua pini."