Bibi wa Njia Panda ya Kang'ata

Atakayecheka acheke. Mimi mambo haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na pombe sinywi.

Ndiyo kwanza nilikuwa na miezi michache kwenye kazi ya kusambaza mizigo. Asubuhi napokea vifurushi Segera, vinakoshushwa na mabasi ya Dar, napakia kwenye kirikuu, ile pikapu ndogo unayoijua, kisha nazunguka Korogwe mpaka vijiji vya Handeni. Watu walidhani mwanamke atashindwa kuendesha. Kuendesha hakukuwa tabu, tabu ilikuwa kufika. Vijijini nyumba hazina namba, simu zinapoteza mtandao, nawe umeambiwa tu "kwa mama fulani". Mara kadhaa nilirudi jioni na mizigo ya watu, hata tajiri wangu, mwenye gari, akaniambia kwa upole unaouma kuliko tusi kwamba mzigo mwingine ukirudi, nimletee ufunguo. Kibanda changu cha chakula nilikuwa nimekifunga kwa ajili ya kazi ile. Ningerudi wapi?

Siku hiyo nilikuwa na kifurushi kizito kilichoshonewa ndani ya kiroba, cha mama mmoja wa Kang'ata aitwaye Mwanahawa. Niliuliza njia kama nilivyozoea: napunguza mwendo, natoa kichwa dirishani, injini inanguruma, kwa Mwanahawa ni wapi? Wa kwanza akanionyesha kulia. Wa pili akanirudisha nilikotoka. Wa tatu aliendelea kulima kama hakusikia. Nikawaona watu wabaya, sikufichi.

Kwenye njia panda nikamkuta bibi mmoja amesimama, kajitanda kaniki, ameshika ungo mtupu. Nikamuuliza. Kimya. Nikarudia kwa sauti kubwa. Kimya. Hapo injini ikazima yenyewe. Niamini, ufunguo sikuugusa, na mafuta yalikuwemo.

"Sasa salimia," akasema.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikashuka, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akaanza: habari za nilikotoka, za nyumbani, za mvua, za mahindi. Hakuna alichoruka, nami nikajibu na kumuuliza za kwake. Wazigua ndivyo walivyo, na mimi Msambaa nilijua vizuri, ila haraka ya kazi ilikuwa imenisahaulisha. Alipojua kabila langu akanitania kwamba sisi tumezoea kupanda milima, tukiona tambarare tunapotea. Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Akapanda mbele, na gari likawaka mara moja. Njia aliyonielekeza ilikuwa na vumbi la ajabu, nikawa mwekundu mpaka kope. Kumtupia jicho yeye, kaniki yake haina hata chembe. Ungekuwa wewe ungemuuliza? Mimi nilikaza macho mbele. Tulipofika kwenye kichaka kilichoachwa katikati ya mashamba, akataka kushuka, akanionyesha nyumba ya bati mbele yetu.

"Mwambie Mwanahawa mashine aiweke karibu na mlango," akasema. "Macho yake hayawezi giza."

Mashine gani? Nilipogeuka kumuuliza, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa gari haujafunguliwa.

Nilifika nikitamani kugeuza gari nirudi. Hata hivyo nilizima gari, nikapiga hodi, nikasalimia, nikanywa maji niliyopewa, ndipo nikatoa mzigo. Mwanahawa, mama wa makamo, akakata nyuzi za kiroba. Ndani mlikuwa na kichwa cha cherehani, zawadi ya mdogo wake aliyeko Dar. Nikampa ule ujumbe, nikamweleza na bibi alivyokuwa. Akakaa chini.

"Huyo mama yangu," akasema. "Tulimzika pale kichakani kabla ya mfungo. Asiyemsalimia hakuwahi kumjibu, maisha yake yote."

Akalia, kisha akacheka huku analia, akainua cherehani mwenyewe na kuipeleka mlangoni. Mimi niliogopa, sikatai, lakini niliondoka pale na furaha ambayo tangu nianze kazi nilikuwa sijaipata.

Tangu hapo nazima gari kabla ya kuuliza, na watu walewale niliowaona wabaya wananisindikiza mpaka kwenye nyumba ninayoitafuta. Mizigo hairudi tena. Tajiri ameniongezea vijiji.

Ila lipo jambo moja. Kuna mama muuza uji wa Korogwe ya zamani ambaye sijawahi kumsimulia kisa hiki. Asubuhi moja nilisimamisha gari kwake, akanimiminia vikombe viwili. Nikamwambia niko peke yangu. Akachungulia kiti cha mbele, akanitazama kwa mshangao.

"Kwani bibi hanywi?"

Siku hizi nalipia vyote viwili bila kubisha. Nawe ukiniona njia ya Handeni ukataka lifti, nisimamishe tu, nitakuchukua. Lakini nakuonya, mlango wa mbele usiuguse. Panda nyuma, kwenye mizigo.