Barua ya Siri Iliyomrudia Mwenyewe

Kabla hajawa mtunza siri za milango ya watu, Marlys Kettunen alikaa mapokezi ya moteli moja ya mji wa Duluth, Marekani, ile ya juu kilimani ambako upepo wa ziwa haupumziki. Kadi za kufungulia vyumba zilipoanza kugoma, mwenye moteli alikataa kuita fundi, akamwambia ajue la kufanya. Marlys akajua. Aliipata Pinhook, programu ya kuendesha milango ya kadi ambayo msimbo wake uko wazi: anayetaka anausoma, anaurekebisha, anautumia bila kuomba ruhusa. Aliwasumbua walioiandika kwa maswali mpaka wakamjibu, akajifunza, kisha akaanza yeye kuwajibu wengine. Kampuni ya Brandreth ilipojitokeza kuilea programu hiyo, ikawaajiri mafundi wake na kuanza kuuza huduma kwa hospitali na viwanja vya ndege, Marlys naye akachukuliwa. Wenyewe walisema kumlipa kulikuwa nafuu kuliko kubishana naye.

Walimpa kusimamia sanduku la siri la barua. Mtu akigundua kwamba mlango wa Pinhook unaweza kudanganywa, hatangazi, anamwandikia Marlys. Yeye anasoma, anajaribu, anawapelekea mafundi, na wote wanafunga midomo mpaka dawa, yaani marekebisho ya msimbo, ipatikane. Toleo jipya likishatoka, ndipo ripoti inawekwa wazi na mleta habari anashukuriwa kwa jina. Ukitangaza mapema umewapa wezi funguo. Ukichelewa mno, mwenye nyumba analala na mlango mbovu huku wewe unajua.

Kuchelewa ndiko Marlys alikokuogopa zaidi. Mwenye moteli aliwahi kumwamuru asiwaambie wageni habari za kunguni wa vyumba vya juu, naye hakusahau jinsi amri ile ilivyotolewa kwa upole. Kwa hiyo kampuni ilipohamishia sanduku kwenye mtambo mpya wa kompyuta, na mkuu wa kitengo, Courtney Haugland, akapendekeza kwamba kampuni ndiyo iamue lini ripoti iwekwe wazi, Marlys alikataa katakata. Alisema watu wa nje waliojitolea kuijenga Pinhook wataondoka mmoja mmoja. Akamkalia Haugland kooni mpaka akapata alichotaka: ripoti ikishafungwa, yaani ikiandikwa kwamba kazi yake imekwisha, mtambo wenyewe uiweke wazi kwa kila mtu, bila ruhusa ya mkubwa yeyote. "Hata yangu," alisema, na kanuni hiyo akaiandika kwenye mtambo kwa mkono wake. Tangu siku hiyo kila ripoti iliyofungwa ilikuwa imeshapata dawa. Mambo yakaenda sawa, na Marlys akajisifu kidogo.

Kisha majira ya baridi yakaleta ripoti ya mtaalamu mmoja wa Kebeki, Kanada. Aligundua kwamba kisanduku cha ukutani kinachoendesha mlango kikikatiwa umeme na kurudishiwa, mlango unasahau orodha ya kadi zilizofutwa. Mtu uliyemfukuza juzi anapitisha kadi yake ya zamani na anaingia kama mwenyeji. Chue Lor, fundi aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Marlys, akaanza kutengeneza dawa. Haugland akakubaliana na wateja wakubwa kwamba toleo litatoka Alhamisi ya wiki iliyofuata, wajiandae.

Siku chache baadaye ikaja ripoti ya Lyle Zupan, mstaafu wa machimbo ya chuma huko kaskazini, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka Duluth. Siku hizo alikuwa akitunza jengo moja kwa kujitolea, na barua yake ilikuwa ndefu. Jengo hilo ni nyumba ya kuwaficha wanawake waliowakimbia waume wanaowapiga. Mwanamke mmoja aliyewahi kukaa pale akarudi kwa mumewe, na kadi yake ikafutwa. Usiku mmoja, baada ya umeme kukatika kwa theluji, alikuja tena akiwa na mdomo uliopasuka, akapitisha kadi ile ile bila kutegemea lolote, na mlango ukafunguka. Wenzake walifurahi kumwona. Lyle hakufurahi, alikaa macho akifikiria kadi nyingine ziko mifukoni mwa nani. Kama ushahidi aliambatisha kumbukumbu za mlango, zenye majina ya wakaaji na saa zao za kutoka, namba ya nyumba na mtaa.

Marlys alimshukuru, akamweleza kwamba tatizo limeshaletwa na mtu mwingine, dawa iko jikoni, na barua yake itabaki siri. Jumatatu asubuhi, akipanga sanduku, akafanya wanavyofanya watunza ripoti wote duniani: barua mbili zinazosema jambo moja, unabaki na ya kwanza, ya pili unaandika "imejirudia" na kuifunga. Akaifunga. Akaenda kupasha moto kiporo chake cha viazi na nyama.

Alikuwa bado anakula simu ilipolia.

"Marlys? Lyle hapa. Ile barua yangu si ulisema ni ya siri?"

"Ni ya siri, Lyle. Nimeifunga leo hii hii."

"Basi mbona nimeletewa kwenye barua pepe?"

Marlys alicheka kidogo, akamwambia hiyo ni nakala ya shukrani, kila mleta ripoti anaipata. Lyle akaanza kumsomea, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa: sentensi ya kwanza, ya pili, namba ya nyumba. Akasema barua hiyo haikuja kwa jina lake. Imekuja kwa kila anayefuatilia Pinhook, na yeye anafuatilia.

Kijiko kilibaki hewani. Marlys alifungua ukurasa wa ripoti za Pinhook kwa kompyuta nyingine, bila kuingia kwa jina lake, kama mpita njia yeyote. Barua ilikuwepo. Jinsi ya kukata umeme wa kisanduku, jinsi ya kuurudisha, mtaa, majina ya wanawake na saa wanazotoka kwenda kazini. Chini yake msomaji asiyejulikana alikuwa ameshaweka alama ya dole gumba, kwamba ameipenda.

Alitaka kuuliza ni nani aliyefanya hivi, na mtambo ulikuwa na jibu tayari. Kwenye historia ya ripoti iliandikwa: imewekwa wazi kwa kufuata kanuni, baada ya kufungwa. Mwandishi wa kanuni: Marlys Kettunen.

Ile kanuni haikuuliza kama dawa imetoka; iliuliza tu kama ripoti imefungwa, kwa sababu yeye mwenyewe alitaka isiulize zaidi. Alikuwa amejenga boma dhidi ya mabosi, na mtu aliyebanwa ndani yake ni Lyle.

"Lyle," alisema, "waondoe watu wako. Wasikae humo."

"Nimeshawaambia. Nilitaka tu kujua kama wewe unajua." Akakata simu.

Chue alikuja mbio alipoitwa, akaificha ripoti kwa kubonyeza mara mbili. Kisha akabaki ameinama juu ya meza, hageuki. Marlys alimuuliza kama sasa imefichika.

"Ukurasa umefichika," Chue alisema. "Barua pepe hazirudi, Marlys. Ziko kwa watu elfu kadhaa. Hata mama yangu anafuatilia Pinhook, na hajui hata kuwasha taa ya gereji."

Hakuna aliyecheka, hata Chue mwenyewe.

Haugland alipatikana kwa simu ya video akiwa mjini Minneapolis, koti bado mwilini. Aliposikia alikaa chini bila kuangalia kama kiti kipo. Kisha alisema mambo ya mtu mwenye akili: ripoti imefichwa, basi tusipige kelele, wateja wakubwa wameahidiwa Alhamisi, ukitoa dawa leo kabla hospitali hazijajiandaa kuiweka, utawaonyesha wezi kwamba ziko uchi. Marlys alimsikiliza mpaka mwisho. Kujadiliana ni kazi ambayo mwili wake uliijua hata kichwa kikiwa hakipo.

"Ziko uchi tangu asubuhi," alisema. "Tofauti ni kwamba wezi wanajua na zenyewe hazijui."

"Chue, dawa imejaribiwa?" Haugland aliuliza.

Chue alisema imejaribiwa kwenye visanduku vipya. Vya zamani, nusu nusu.

"Nusu nusu," Haugland alirudia, kama anayetema kitu. "Na tukiua milango ya uwanja wa ndege?"

Marlys alisema mlango uliokwama unamkasirisha abiria, na abiria aliyekasirika ni mzima. Kisha akamwekea mezani alichonacho. Kampuni ingehitaji mtu wa kusema kosa ni lake. Tangazo lisilo na mwenyewe halisadikiki. Yeye atasema, kwa jina lake kamili, mbele ya jamii yote ya Pinhook, kwamba kanuni aliandika yeye na ripoti alifunga yeye. Kwa bei hiyo anataka dawa itoke leo kwa wote, mkubwa na mdogo kwa pamoja.

Haugland naye hakuwa mtoto katika biashara. Alisema kama ni hivyo basi na kanuni ife. Kuanzia leo kampuni ndiyo inaamua lini ripoti iwekwe wazi.

"Hapana. Kanuni inabaki. Inaongezwa mstari: iliyojirudia haiwekwi wazi mpaka ya kwanza iwekwe wazi."

"Kanuni yako imetoka kuwavua watu nguo barabarani, Marlys, na bado unaitetea?"

Hilo lilimpata sawasawa. Akasema anaitetea kwa sababu kesho kutakuwa na ripoti nyingine na mkuu mwingine atakayependa kungoja. Lakini kama jina lake halitoshi, Haugland achukue na kiti chake cha kusimamia sanduku; ampe mtu mwingine. Haugland alivua koti. Akasema kanuni ibaki na mstari wake, na kiti abaki nacho, hakuna mwingine anayekitaka. Toleo likatoka alasiri hiyo, na tangazo la Marlys likawekwa juu yake. Matusi yalianza kuingia kabla hajafika kwenye gari.

Barabara ya kaskazini ilikuwa na barafu, naye aliendesha akiwa ameshika usukani kama mtu anayening'inia. Lyle alimwelekeza kwa simu kwenye kituo cha mafuta, si kwenye nyumba. Alipofika alimkuta mzee mrefu mwenye kofia ya manyoya, amesimama kando ya pampu, hana salamu.

"Hapa ndipo piza yao inapoletwa," Lyle alisema. "Miaka yote. Mleta piza hajui nyumba iko wapi. Mtu wa posta hajui. Mimi mke wangu hajui." Akaingia kwenye gari lake, Marlys akamfuata.

Nyumba ilikuwa ya kawaida mno, yenye baiskeli ya mtoto iliyozama thelujini. Wanawake walikuwa wameshaondoka na watoto, wamegawanywa majumbani mwa watu ambao Lyle hakuwataja. Lililobaki ni kuhamisha vitu. Marlys hakuambiwa akae wala aondoke, kwa hiyo akabeba. Alibeba masanduku ya vyombo, viti vya watoto, mfuko wa viatu visivyofanana. Katika chumba kimoja alikuta jina limebandikwa mlangoni kwa herufi za rangi, na akalitambua. Lilikuwa kwenye barua ya Lyle, mstari wa tatu, na saa ya kutoka kando yake. Alisimama pale akasahau alichokuwa amebeba. Asubuhi lilikuwa neno tu kwenye skrini.

Lyle alipita nyuma yake, akamwambia asizibe njia.

Alijaribu kumwomba radhi. Lyle alisema radhi ataiomba kwa mkuu wa nyumba, ambaye kwa sasa hataki kumwona, na yuko sahihi. Marlys akamuuliza kama kuna aliyefika, kama mume yeyote ameonekana. Lyle alisema hapana, na kwamba hilo halibadilishi kitu. Nyumba imekwisha. Hata asipokuja mtu mpaka mwisho wa dunia, hakuna mwanamke atakayelala tena humu.

Mwisho walibaki wawili na magodoro. La kwanza walilibeba bila neno. La pili lilipofika katikati ya ukumbi, Lyle alishusha upande wake.

"Kuna nyingine," alisema.

Marlys alidhani anasema godoro.

"Kasoro nyingine. Kwenye mlango. Nimeiona wiki iliyopita, nilikuwa nakuandikia barua ya kuieleza." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu kituo cha mafuta. "Hii mbaya zaidi. Haihitaji hata kukata umeme."

Mkono wa Marlys ulikwenda mfukoni kutafuta simu, aandike.

"Iache hiyo."

"Lyle, nisipoandika nitasahau."

"Basi usisahau. Mimi sikuandikii tena. Wala sitaki uandike popote, mpaka yule fundi wako kijana aitengeneze. Utampa kwa mdomo."

Haikuwa njia ya kazi. Hakukuwa na namba ya ripoti, wala tarehe, wala shahidi. Alijua Haugland atasema nini. Akarudisha simu mfukoni.

Lyle alimweleza, ameegemea godoro, kwa maneno machache, na kadiri alivyoendelea ndivyo Marlys alivyozidi kuona ni milango mingapi iko hatarini.

"Rudia," Lyle alisema.

Marlys alirudia. Lyle alimsahihisha mahali pamoja, kuhusu saa ya kisanduku, akamwambia aanze upya. Alianza upya. Mara ya tatu Lyle alikubali kwa kichwa, akainama, akashika upande wake wa godoro.

"Haya, inua. Giza linaingia."